Maharage ya Ufuta kwa Eizo

Ufuta mweupe una adabu. Ukianza kuungua unabadilika rangi mbele ya macho yako, unakupa nafasi ya kuuepua. Ufuta mweusi hauna habari hizo. Mbichi ni mweusi, uliokaangwa ni mweusi, ulioungua ni mweusi vilevile. Mwenye kukaanga ufuta mweusi anategemea pua, basi, na pua ya Fumie ilikuwa imekufa tangu mwezi wa tatu.

Hakumwambia mtu. Ilianza kama mafua tu, mafua ya theluji inapoyeyuka, ambayo huku milimani kila mtu huyapata na kuyasahau. Mafua yakaondoka, yakaondoka na pua. Fumie akangoja wiki, akangoja mwezi. Maua ya plamu yakachanua nyuma ya nyumba yakapukutika, hakusikia harufu yoyote. Mvua ya mwezi wa sita ikanyesha juu ya udongo wa bustani, hakusikia kitu. Ulimi ukabaki na chumvi, sukari, uchachu na uchungu, hayo tu. Wali ukawa kitu laini, chai ikawa kitu cha moto. Kuna asubuhi aliamka akahisi kama dunia imehamia upande wa pili wa dirisha, yeye amebaki ndani, anaitazama ikipita.

Na kwa nini asiseme? Kwa sababu ana miaka sabini na tisa na anaishi peke yake. Mwanamke wa miaka sabini na tisa akisema goti linauma, watu wanamwonea huruma. Akisema hasikii harufu ya gesi, watu wanaanza kuongea pembeni. Fumie hakuwa mjinga.

Tena siku iliyotangulia kukaanga huko, alipokuwa anatundika koti la mwanawe Kosuke aliyekuja nyumbani, bahasha ilikuwa inachungulia mfukoni. Juu yake kulikuwa na picha ya mcheri uliochanua na jina la nyumba ya kutunzia wazee, kule kule mjini Sendai anakofanya kazi Kosuke. Fumie aliirudisha bahasha ilivyokuwa, akakaa chini. Nyumba hii aliingia akiwa bibi harusi wa miaka ishirini na sita. Mumewe Eizo alimfia humu humu, miaka mitatu iliyopita, kwenye chumba kinachotazama bustani. Atoke aende wapi?

Akajiapia: kesho nitapika kama ninavyopika siku zote, Kosuke atakula, ataona mama yake bado mzima, na hiyo bahasha itarudi mjini kama ilivyokuja.

Kesho yenyewe ndiyo hiyo, tarehe kumi na nne ya mwezi wa nane, sikukuu ya wafu, roho zao zikiwa zimerudi majumbani. Jioni iliyotangulia Kosuke aliwasha mabua ya katani langoni ili baba yake aone njia. Mbele ya picha ya Eizo, madhabahuni, walimwekea tango lenye miguu minne ya vijiti, ndiye farasi wa kumleta mbio, na bilinganya lenye miguu minne, ndiye ng'ombe wa kumrudisha polepole. Hayo kila nyumba hufanya. Lakini chakula cha mchana wa kumi na nne kila nyumba ina chake, na nyumba hii ilikuwa na maharage mabichi ya maganda yaliyovikwa ufuta mweusi.

Sheria zake zilikuwa tatu. Hakuna nyama wala samaki, hata mchuzi wake, maana marehemu hapewi kilichochinjwa. Maharage yasivikwe ufuta mpaka dakika ya mwisho, yasije yakatoa maji. Na mpishi asionje kabla ya marehemu, hata tone. Mlinzi wa sheria hizo alikuwa Shigeno, dada mkubwa wa Eizo, nyumba ya tatu juu ya mteremko. Miaka themanini na minne, magoti mabovu, na ulimi ambao haujazeeka hata siku moja. Wifi ni wifi, jamani. Miaka hamsini na mitatu amekuwa akija kila mwaka tarehe kumi na nne kula, na kukagua.

Na lililomnyima Fumie usingizi zaidi ya wifi ni hili: wazee husema wafu hawali kwa meno, wanakula harufu. Sasa utampikiaje mtu harufu ambayo wewe mwenyewe huisikii?

Saa nne asubuhi Kosuke alichungulia jikoni. Miaka hamsini na miwili, kipara kimeanza, bado anasimama mlangoni kama mtoto anayetaka kitu.

"Mama, nikusaidie?"

"Ukinisaidia nitasema nimepika mimi? Nenda kamlete shangazi yako kwa gari, magoti yake yasije yakawa wimbo wa leo."

"Haya. Lakini Mama, ukimaliza, gesi…"

"Gesi nilianza kuizima wewe hujajua kujifuta pua."

Kosuke alicheka, ila aliitazama ile swichi ya jiko kwa muda mrefu kuliko inavyotazamwa swichi. Halafu akaondoka. Fumie akasikia gari likipanda mteremko, kisha ukimya, kisha nyenze. Mwezi wa nane nyenze hawalali. Wanalia kwenye kila mti mpaka joto lenyewe linakuwa na sauti.

Maharage hayakuwa na shida. Aliyachuma alfajiri yakiwa na umande, membamba, yanakatika kwa mlio. Akayatupa kwenye maji yanayochemka yenye chumvi, akapumua mara thelathini, akayaepua yakiwa bado na ubishi kidogo. Hakuyamwagia maji baridi. Akayatandaza kwenye ungo wa mianzi akayapepea kwa kipepeo cha karatasi, kijani chake kikakaza, kikang'aa. Akayakata mshazari. Kazi ya mikono hiyo, na mikono yake ilikuwa inajua njia bila kuongozwa.

Kisha ukaja ufuta.

Aliuweka kikaangoni, moto mdogo, akainama akategesha sikio. Kama pua haipo, masikio yapo. Mama mkwe wake alikuwa akisema punje tatu zikiruka, epua. Ya kwanza inaamsha wenzake, ya pili inawaita, ya tatu inasema tosha. Akatikisa kikaango taratibu. Akangoja. Punje ikaruka, ta! Moja. Fumie akatabasamu peke yake kama mwizi aliyefungua mlango.

Hapo nyenze wa mti wa persimoni, ule unaogusa dirisha la jikoni, wakaanza wote kwa pamoja. Yalaiti wangekuwa watu angewatukana. Sauti ikajaa jiko, ikajaa kichwa. Fumie akashusha sikio mpaka joto likamchoma shavu. Ile ilikuwa ta, au ni wao? Na ile? Ya pili au ya tano? Akautazama ufuta. Ufuta ukamtazama, mweusi, hauna la kusema. Akauepua.

"Umeiva," alijiambia. "Lazima umeiva."

Akazima gesi, akaikagua swichi mara mbili. Akatandaza kitambaa chenye maji sakafuni, juu yake akaweka kinu, lile bakuli la udongo lenye mistari ndani, ili lisiteleze. Akapiga magoti, akaumimina ufuta, akashika mchi. Mchi huo ulikuwa wa mti wa pilipili ya mlimani, umelika miaka na miaka, na kila kilicholika kilipita kwenye matumbo ya watu wa nyumba hii. Akaanza kuzungusha. Goro, goro, goro. Punje zikapasuka, zikawa mchanga, mchanga ukaanza kutoa mafuta na kushikamana.

Joto lilikuwa la kulaza ng'ombe. Usiku mzima hakulala. Goro, goro. Mwanga wa dirishani ulikuwa wa kijani kwa sababu ya majani, na ulikuwa unatikisika sakafuni kama maji. Kinu kilianza kuteleza kidogo, halafu kikaacha, kwa sababu Eizo alikuwa amekaa mbele yake, amekishika kwa mikono miwili.

Fumie hakushtuka. Ndivyo walivyofanya siku zote: yeye anasaga, mume anashika. Eizo alikuwa kama alipokuwa na miaka arobaini, taulo shingoni, jasho kwenye nyusi, udongo wa shamba kwenye kucha.

"Umechelewa," alisema Fumie.

"Farasi mwenyewe tango, Mama Kosuke. Ulitaka nifike lini?"

"Na mikono hukunawa."

"Miaka mitatu hujaniona, unaanza na mikono."

Fumie akacheka, akaendelea kuzungusha. Alikuwa na raha ambayo hata hakuishangaa. Mwanga ulipita kwenye bega la Eizo ukatokea upande wa pili, ukaanguka kwenye kinu. "Huko mnakula nini?"

"Harufu. Asubuhi harufu, jioni harufu. Na yenu ya majani matupu! Dada Shigeno ananilisha kama sungura."

"Usimseme dada yako, yuko njiani."

"Ndiyo maana nasema sasa hivi."

"Baba Kosuke." Fumie alisimamisha mchi. "Ufuta umeiva? Niambie kweli. Mimi sisikii. Sisikii kitu tangu theluji, hata mto wako sisikii tena harufu yako. Niambie, umeiva au umeungua?"

Eizo aliinamisha uso juu ya kinu, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu sana, ndefu mpaka majani ya dirishani yakatulia. Alipofumbua macho alikuwa anatazama rafuni, zilipo chupa, akaonyesha kwa kidevu.

"Ile ya kushoto," alisema.

"Hii?"

"Hiyo hiyo. Mimina, usiogope."

Fumie akamimina. Akaweka sukari. Goro, goro, ukawa mzito, mweusi wa kung'aa. Alitaka kumuuliza mambo mengine, kama kule kuna baridi, kama anaonana na mama yake, lakini mlango wa gari ulifungwa huko nje, bap, na mbele yake hapakuwa na mtu. Kinu kilikuwa kimeteleza nusu nje ya kitambaa. Mchi ulikuwa mkononi. Na kwenye ubao kulikuwa na chupa mbili za sosi ya soya, zote ziko wazi.

Moyo ukamlipuka. Moja ilikuwa sosi tupu. Nyingine aliileta Kosuke kutoka mjini, ya kutilia tambi, yenye mchuzi wa samaki mkavu ndani yake. Shingo moja, kimo kimoja, na karatasi ya ile ya Kosuke ilibanduka zamani. Alimimina ipi? Akainua ya kwanza akainusa. Hakuna. Akainusa ya pili. Hakuna. Akabaki ameshika chupa mbili, machozi yanamlengalenga kwa hasira, hasira ya kuibiwa kitu na huna wa kumshtaki. Kuonja hakuruhusiwi. Kusaga upya hakuna muda; sauti ya Shigeno ilikuwa tayari barazani inalalamikia ngazi.

Liwalo na liwe. Akamimina maharage ndani ya kinu, akayageuza mara tatu, akapakua kidogo kwenye kibakuli chekundu cha marehemu, kilichobaki kwenye bakuli kubwa la mezani.

Trei ya Eizo ikapelekwa: wali, supu, boga la kuchemsha, kachumbari ya chumvi, maharage ya ufuta. Fumie akaigeuza ili vijiti vya kulia vielekee kwenye picha, maana mwenye kula ni yeye. Shigeno akakunja magoti kwa kelele zote alizokuwa nazo, akawasha vijiti vya ubani, si kimoja, vitatu, akagonga kengele. Moshi ukajaa chumba. Fumie alikaa nyuma yake, amefumba mikono. Baba Kosuke, alisema moyoni, kama ni mbaya kula hivyo hivyo, nisitiri.

Wakahamia mezani. Shigeno alikaa kichwani mwa meza, akakagua sahani moja moja kama mwalimu mwenye daftari.

"Boga umelikata nene."

"Ndiyo, dada."

"Maharage mwaka huu membamba. Mazuri." Akanyoosha vijiti vyake. "Haya, tuone wifi yangu bado mpishi au amebaki jina."

Lakini Kosuke alikuwa amewahi. Alikwishatia mdomoni. Alitafuna mara moja, mara mbili, akaacha. Fumie alimwona akiacha. Kitambo kidogo tu, kama mtu aliyeitwa jina na mtu asiyemwona. Halafu akameza, akatabasamu, akalivuta bakuli zima mbele yake.

"Mama, hii leo simgawii mtu."

"Kosuke!" Shigeno alibaki na vijiti hewani. "Tamaa gani hiyo? Lete hapa."

"Shangazi, wewe unakula kila mwaka, mimi mjini nakula vya dukani. Niacheni." Na akala. Akala bila kunyanyua kichwa, mfululizo, tonge baada ya tonge, kama mtoto aliyetoka shule. Fumie alipoinua vijiti naye adonoe japo kimoja, Kosuke alilisogeza bakuli kwa kiwiko. "Wewe mpishi umeshashiba harufu," alisema, macho yake yakiwa bakulini.

Fumie akarudisha vijiti. Weupe wa mchana ukaingia moyoni mwake wote. Amependa! Anakwangua bakuli! Ufuta ulikuwa umeiva, chupa ilikuwa yenyewe, masikio yalitosha. Alimtazama mwanawe anavyotafuna akaona nyumba imerudi kuwa yake, nguzo kwa nguzo, mpaka ule mti wenye nyenze wapuuzi. Angeweza kuimba.

"Hatujapata kuona," Shigeno alinung'unika. "Mtu mzima anakula kama mbwa wa kusafiri. Basi. Mimi nitakula cha Eizo, ameshashiba sasa hivi."

Kosuke akaacha kutafuna. "Shangazi, kile kiache."

"Nikiache kwa nini? Cha marehemu hushushwa kikaliwa, kina baraka zake. Au hilo nalo mmelifuta huko mjini?"

"Kitakuwa kimelowa. Nitakitupa mimi."

"Utupe! Sikiliza huyu. Utupe chakula cha baba yako!"

Alikuwa ameshafika madhabahuni, magoti au si magoti. Kosuke alinyanyuka nusu, akakaa. Shigeno akashusha kibakuli chekundu, akatia haragwe moja mdomoni, akatafuna. Uso wake ukakunjika. Akatafuna tena, polepole, kama mtu anayesoma barua mbaya na hataki kuruka neno.

"Fumie."

"Naam, dada."

"Ufuta umeungua. Mchungu kama dawa ya minyoo. Na humu ndani mna samaki."

Fumie alimtazama Kosuke. Kosuke alikuwa anatazama bakuli tupu, masikio yamekuwa mekundu, na kwenye mdomo wake kulikuwa na chembe nyeusi. Alikula lote. Hakubakiza hata moja, ili shangazi asionje, na ili mama mwenyewe asionje. Fumie akaelewa, na kule kuelewa kulimuuma kuliko bahasha.

"Ulikuwa unajua," alisema.

"Mama, si kitu, kidogo tu…"

"Tangu lini?"

Kosuke aliweka vijiti chini. "Tangu jana. Nilipofika, chungu cha wali kilikuwa kinaungua. Nilisikia harufu toka langoni, Mama. Toka langoni! Nikaingia, wewe umekaa hatua tatu kutoka jikoni unapanga maua, ukainua uso ukaniuliza safari ilikuwaje." Sauti yake ilikatika. "Nikajua kichwa ndicho kinaondoka. Nikazima gesi nikanyamaza. Usiku kucha nafikiri nitakuambiaje. Nilikuwa nimechukua karatasi za nyumba ya wazee, za kuulizia tu, lakini jana nikaamua nitazijaza."

"Kichwa?" Fumie alisema. "Kichwa changu?"

Na hapo, yale aliyoyafungia miezi mitano yakatoka yote kwa mkupuo, hata hakuyapanga. "Pua, mwanangu! Ni pua! Imekufa tangu mwezi wa tatu. Sisikii moshi, sisikii gesi, sisikii hata jasho langu. Niliogopa mtanitoa. Nimekuwa nakula kama natafuna karatasi, nikitabasamu kwa kila mtu, kumbe ningetolewa kwa kunyamaza kwangu!" Akalia waziwazi, mikono mapajani, bila kujifuta. "Msinitoe humu. Nitafanya lolote, lakini msinitoe humu."

"Pua tu?" alisema Kosuke. "Mama, pua tu?" Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio.

"Pua tu, anasema! Miezi mitano!" Shigeno alifoka, bado na kibakuli mkononi. "Hata mimi? Mimi niliye nyumba ya tatu? Nilipomzika mume wangu ni nani alinilalia miguuni siku arobaini na tisa, si wewe? Halafu pua unaificha kama mimba ya kuiba!" Akatia haragwe jingine mdomoni, akakunja uso, akameza. Cha marehemu hakitupwi. "Na samaki je? Samaki kaingiaje?"

Fumie aliinamisha kichwa. Angeweza kusema chupa zinafanana, na ingekuwa kweli. "Nilisinzia," alisema. "Baba Kosuke akaja kushika kinu. Nikamuuliza chupa ipi, akanionyesha."

Kosuke aliacha kujifuta macho. Woga wa jana ulimrudia usoni, Fumie akauona, lakini hakurudisha neno. Amechoka kuficha.

"Alisema nini?" Shigeno aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kwamba unamlisha kama sungura."

Shigeno alitazama picha. Moshi wa ubani ulikuwa unapanda wima, hautikisiki. Mabega ya kikongwe yakaanza kutetemeka, na mtu angedhani analia, mpaka alipopiga goti bovu kwa kiganja.

"Ni yeye!" alisema. "Mshenzi yule, ni yeye! Ana miaka saba ananiambia maneno hayo hayo, mama kaenda shambani mimi namlisha majani. Sungura, sungura. Alikuwa akiiba samaki mkavu kabatini anamsugua kwenye wali." Akajifuta macho kwa mkono wa kimono. "Miaka mitatu tunamfungisha. Si angesema mapema."

"Na ufuta?" Fumie aliuliza. "Nao aliupenda ukiwa umeungua?"

"Aa, hapo hapana. Hapo umetuua."

Fumie alimgeukia mwanawe. "Wewe. Nikipika kibaya tena, sema ni kibaya. Pua ndiyo imekufa, masikio yangu mazima. Sasa niambie, ilikuwaje?"

Kosuke alimeza mate. "Mbaya, Mama. Mbaya sana. Sijawahi kula kitu kibaya hivyo maishani mwangu."

"Na ukala lote."

"Nikala lote."

Fumie akamfuta ile chembe nyeusi mdomoni kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto. Kosuke akakubali. Kisha akaenda kwenye koti lake, akarudi na bahasha ya mcheri, akaiweka mezani mbele yao wote, akaifunika kwa kiganja.

"Mama," alisema, "unataka kuishi wapi?"

Ajabu ya mambo. Tangu Eizo afe Fumie alikuwa ameulizwa kila kitu: kama anakula, kama anafunga milango, kama presha imeshuka, kama hana upweke. Hilo hakuna aliyewahi kumuuliza, na hata yeye mwenyewe hakujua kwamba alikuwa analingoja.

"Hapa," alisema.

"Hapa," Kosuke akarudia. Aliikunja bahasha mara mbili. "Basi gesi inaondoka. Kesho kutwa naleta jiko la umeme, lile linalojizima. Na kila jioni nitapiga simu, usipopokea naendesha usiku huo huo."

"Na mimi nitashuka kila siku saa tano kumnusia," alisema Shigeno.

"Utashukaje na magoti hayo, dada?"

"Kwa matusi."

Huko nje nyenze walikuwa wamenyamaza ghafla, wanavyofanya wakati mwingine bila sababu, na mwanga wa kijani ulikuwa umetulia sakafuni. Fumie alivuta pumzi. Hakusikia ubani, wala mkeka, wala boga, wala jasho la mwanawe aliyekaa karibu kiasi cha kumgusa. Lakini alisikia tumbo. Lilikuwa linamuuma kwa njaa, njaa ya kweli, ya kwanza tangu theluji, na akashangaa kama mtu aliyepigiwa hodi na mgeni wa zamani.

"Boga limebaki?" aliuliza.

"Limebaki," alisema Shigeno, akimsogezea sahani. "Nene, lakini limebaki. Kula."